Mrusho wa 85: kisa cha hesabu mbili zisizokubaliana na kiwiko cha mtoto wa miaka 12

Usuli

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu, nikakiandika nusu nikaacha, sasa nakimalizia maana kila msimu naona makocha wapya wanaingia shimo lilelile. Majina yote nimeyatoa, timu naziita Kijani na Bluu (sio rangi zao), pitcha (anayemrushia mpigaji mpira) namwita D, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Mi nilikuwa mratibu wa besiboli, daraja la watoto wa miaka 11 na 12, yaani ratiba, marefa, na rufaa zikija zinakuja kwangu na wenzangu wawili.

Kwa asiyeujua sana mchezo: besiboli ya watoto wa umri huu inachezwa iningi 6, na kila iningi timu zote mbili zinapata zamu ya kupiga mpaka wapigaji watatu watolewe, ndo auti tatu hizo. Pitcha anasimama kwenye kilima, futi 46 kutoka kwenye bamba alipo mpigaji, na ndiye anayefanya kazi ngumu kuliko wote uwanjani kwa sababu kila mchezo unaanzia mkononi mwake. Ukiwa na pitcha mzuri wa miaka 12 unaweza kushinda mechi bila wenzake kufanya kazi kubwa, na hapo ndipo tamaa ya watu wazima inapoanzia.

Ligi yetu inafuata sheria za Little League, lile shirika la Marekani la besiboli ya watoto. Zamani walikuwa wanahesabu iningi alizorusha mtoto kwa wiki, ila kuanzia 2007 wakahamia kwenye kuhesabu mirusho yenyewe, na ilikuwa sahihi kabisa maana iningi moja inaweza kuwa mirusho 8 au ikawa 35. Kwa miaka 11 na 12 mwisho ni mirusho 85 kwa siku. Alafu kuna mapumziko: ukirusha 1 mpaka 20 hudaiwi siku, 21 mpaka 35 siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, 66 kwenda juu siku nne. Mirusho ya kupasha kabla ya iningi haihesabiwi. Na kuna kipengele ambacho ndo moyo wa kisa hiki: mtoto akifikisha 85 katikati ya mpigaji, anaruhusiwa kummalizia huyo mpigaji, basi. Mpigaji anayefuata sio wake tena.

Wiki yenyewe ilivyokwenda

Jumatano Kijani walicheza, D akarusha 34. Hapo anadaiwa siku moja, Alhamisi, kwa hiyo kwa daftari letu Ijumaa alishakuwa huru na Jumamosi, siku ya nusu fainali, hakuna wa kumgusa. Kwenye karatasi kila kitu safi.

Nusu fainali ikaanza na Kijani walikuwa wenyeji, kwa hiyo mhesabuji rasmi alitoka kwao, mama mmoja mwenye mtoto kwenye timu, mtu mwema tu aliyejitolea kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka ile kazi. Bluu nao walikuwa na kijana wao benchi ana kile kidude cha kubonyeza, klika, anahesabu kivyake. Hao wawili walikaa pande mbili tofauti za uwanja na hakuna aliyewaambia waongee, na aliyepaswa kuwaambia ni mimi.

D alianza vizuri sana. Ila kuanzia iningi ya tatu wapigaji wa Bluu wakawa wanasimama muda mrefu, hawakimbilii mpira wa kwanza, na wakishakuwa na straiki mbili (ya tatu inamtoa mpigaji) wanagusa tu mpira uende faulo, yaani nje ya mistari, faulo, faulo, maana faulo ya kupiga hivyo baada ya straiki mbili haimtoi mpigaji ila mrusho unahesabiwa. Kocha wao alikuwa amewaambia wamchoshe. Watu wengi walilalamika baadaye kwamba huo ni uhuni, mi sikubaliani, kuchagua mpira mzuri ni sehemu ya kupiga na mtoto anayejifunza kutokurupuka anajifunza besiboli. Uhuni ulikuwa kwingine, nitafika.

Mwisho wa iningi ya tano Kijani wanaongoza 4 kwa 3. Daftari rasmi linasema D amerusha 79. Klika ya Bluu inasema 84.

Iningi ya sita, Bluu wanapiga. Kocha wa Kijani anamrudisha D. Mpigaji wa kwanza anatolewa kwa mirusho mitano, auti moja. Rasmi sasa ni 84, klika ni 89. Unaona mtego ulipo? Kwa daftari rasmi D hajafikisha 85 bado, anaruhusiwa kuanza mpigaji wa pili na hata akipita 85 atammalizia. Kwa klika alishapita 85 kwa mpigaji wa kwanza, kwa hiyo alitakiwa awe ameshashuka kilimani. Tofauti ya mirusho mitano, ila inaamua kama mtoto anarusha au harushi.

Kabla ya mrusho uliofuata kocha wa Bluu akatoka benchi, "Refa, huyu ana 89, ashuke." Refa akaenda kwa yule mama, akaangalia daftari, 84. Akasema anayetambulika ni mhesabuji rasmi, mchezo uendelee, kocha wa Bluu akasema basi naweka rufaa, ikaandikwa. Mpaka hapo refa alifanya kazi yake sawasawa na sina neno juu yake.

Mpigaji wa pili akala mirusho saba. Baada ya wa nne D akautikisa mkono, unajua ile mtu anavyotikisa kama anakung'uta maji. Niliiona mimi, aliiona kocha wake, na kama kuna mzazi alikuwa anaangalia aliiona. Hakuna aliyesimama. Mpigaji akatolewa, auti mbili.

Kubadilisha pitcha, na makosa mawili kwa mpigo

Hapo kocha wa Kijani akaamua kumtoa D, vizuri, ila akafanya kitu ambacho nimekiona kwa makocha wasiopungua wanne toka nianze kazi hii: akawabadilisha tu nafasi pitcha na kecha, yaani mdakaji wa nyuma ya bamba. Kecha apande kilimani, D avae vifaa akae nyuma ya bamba. Kichwani kwake ilikuwa inaleta maana, hao ndo watoto wake wenye mikono mizuri.

Refa akakataa vyote viwili. Kwanza, mtoto aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kuwa kecha siku hiyo, kwa sababu kecha naye anarudisha mpira kila mrusho, mkono haupumziki hata kidogo. Pili, yule kecha alikuwa ameshadaka iningi zaidi ya nne, na mtoto aliyedaka iningi nne au zaidi haruhusiwi kupanda kilimani siku ileile. Kocha akaduwaa. Ikabidi amwite dogo mmoja wa miaka 11 aliyekuwa uwanja wa nje upande wa kulia, mtoto ambaye kwenye msimu mzima alikuwa amepanda kilimani mara chache sana, maana wengine wote walikuwa bado wanadaiwa siku za mapumziko.

Yule dogo akampa mpigaji wa kwanza besi ya bure (mirusho minne mibaya, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga), wa pili akapiga mpira wa chini, ukadakwa ukarushwa besi ya kwanza, auti tatu. Mirusho 11. Alirukiwa na timu nzima. Nakumbuka uso wake mpaka leo.

Kikao cha rufaa

Jumapili tukakaa watatu. Makocha wote wawili walikuja, yule mama wa daftari alikuja, kijana wa klika alikuja, na mama D akaja bila kuitwa. Baba mmoja alikuwa amerekodi mechi nzima kwa simu, tukairudia video mrusho kwa mrusho, tukala saa mbili na nusu.

Hesabu ya kweli mwisho wa iningi ya tano ilikuwa 83. Daftari rasmi lilikosa mirusho minne, na yote minne ni faulo za baada ya straiki mbili, iningi ya tatu na ya nne. Hii inatokea kwa watu makini kabisa, ngoja nieleze. Ukihesabu kwa kujaza vibox vya boli (mirusho mibaya) na straiki kwenye daftari la matokeo, faulo ya baada ya straiki mbili haina kibox, hesabu ya mpigaji haibadiliki, kalamu haishuki, na mrusho unapotea. Klika nayo ilizidisha mmoja, kuna mara refa alisema taimu (mchezo usimame) D akiwa ameshaanza mwendo, akarusha tu kwa mazoea, mpira ulikuwa umeshakufa ila kijana akabonyeza.

83, ongeza mitano ya mpigaji wa kwanza, 88. Kwa hiyo alipita 85 kwa huyo mpigaji na alipaswa kushuka. Bluu walikuwa sahihi hata kama namba yao haikuwa sahihi. Na jumla ya kweli ya siku ile ilikuwa 95, ambayo ndo mwisho wa vijana wa miaka 13 mpaka 16, sio wa mtoto wa 12.

Alafu vikatoka vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye rufaa.

Cha kwanza, nikamuuliza yule kijana wa klika aliona lini kwamba hesabu hazilingani. Akajibu bila kuficha, kwamba iningi ya tatu ilipoisha alipita karibu na yule mama akasikia namba yake, akamwambia kocha, na kocha akamwambia "tunza kwanza." Iningi mbili nzima na zaidi. Huo ndo uhuni niliousema. Kama angesema pale pale ingekuwa kazi ya dakika mbili, watu wawili wanalinganisha, wanakubaliana, mchezo unaendelea na D anashuka kwa wakati. Badala yake namba ya mkono wa mtoto wa watu ikawekwa mfukoni kama karata.

Cha pili kilitoka kwa mama D. Alikaa kimya muda wote kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na ile ya Alhamisi nayo mnahesabu?" Tukatazamana. Alhamisi D alikuwa amerusha mechi ya timu yake nyingine, ya klabu, nje ya ligi yetu. Wangapi? Hakuna daftari. Baadaye tulipompigia kocha wa huko akasema hamsini na kitu. Mama akasema, "Mi nilijua nyie mnawasiliana. Mtoto kaniambia kiwiko kinauma toka Alhamisi usiku, nikamwambia amwambie kocha, akasema akimwambia hatachezeshwa."

Piga hesabu mwenyewe. Jumatano 34, Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumzika, akarusha hamsini na kitu siku hiyohiyo, hizo peke yake zinadai siku tatu, yaani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kwa sheria zetu zenyewe, kama mkono ungehesabiwa mmoja, D hakutakiwa kurusha hata mpira mmoja nusu fainali.

Tuliamua nini na kwa nini

Kulikuwa na njia tatu. Kukataa rufaa kwa hoja kwamba daftari rasmi ndo linatambulika na refa alilifuata. Kuwapa Bluu ushindi. Au kurudisha mchezo pale kosa lilipotokea.

Mwenzangu mmoja alitaka ya kwanza, na hoja yake haikuwa mbaya, kwamba ukianza kupindua mechi kwa video za simu hutamaliza. Ila sheria iko wazi kwamba mhesabuji asipotoa taarifa, au refa asipotoa, hiyo haimwondolei kocha jukumu la kumtoa pitcha ambaye siku yake imeisha. Jukumu ni la kocha. Na kumpa Bluu ushindi tulikataa kwa sababu adhabu ingewaangukia watoto kumi na wawili ambao hawakuhesabu chochote, tena kwa faida ya kocha aliyeficha namba.

Tukachagua ya tatu, ndivyo sheria inavyosema pia rufaa ikikubaliwa: mchezo urudi pale pale. Iningi ya sita, auti moja, hakuna mtu besi, Kijani 4 Bluu 3, D nje ya kilima. Jumanne jioni.

Kuhusu Alhamisi hatukuwa na kifungu cha kumwadhibu mtu, ligi yetu ilikuwa inahesabu mechi zake tu. Tulichofanya ni kumwambia mama D amsimamishe mtoto kurusha popote mpaka aonwe na daktari, na nikampigia mwenyewe kocha wa klabu. Alipokea vizuri, alikuwa hajui ya Jumatano kama sisi tusivyojua ya kwake.

Matokeo

Jumanne kocha wa Kijani angeweza kumweka pitcha mwingine, wengine walishamaliza mapumziko. Akamrudisha yule dogo, akasema aliyemaliza Jumamosi ndiye ataendelea. Nilimheshimu kwa hilo. Dogo akatoa besi za bure mbili, akapigwa moja kali katikati, ikawa 5 kwa 4, na Kijani waliporudi kupiga hawakupata kitu. Bluu wakaenda fainali. Dogo alilia kwenye benchi kofia ikiwa usoni, na mi nilikaa kwenye gari muda kidogo kabla ya kuondoka, maana uamuzi ulikuwa sahihi na bado aliyeulipia ni mtoto wa miaka 11 ambaye furaha yake ya Jumamosi tuliichukua sisi.

D alionwa. Maumivu ndani ya kiwiko, upande wa kwenye mbavu, pale ambapo mfupa wa mtoto bado haujashikana na una sehemu laini inayokua. Kwa mtu mzima kinachochanika pale ni ligamenti, ndiyo ileile aliyofanyiwa upasuaji Tommy John, pitcha wa ligi kuu ya Marekani, mwaka 1974, kwa mtoto mara nyingi kinachoanza kuvutwa na kuvimba ni ile sehemu laini ya mfupa. Hakuhitaji upasuaji. Alipewa wiki kadhaa bila kurusha kabisa, kisha arudi taratibu. Tuliwahi, ila kwa bahati, kwa sababu mama aliuliza swali.

Nini kilifanya kazi, nini kilikwama

Sheria za kecha zilifanya kazi, na zilifanya kazi kwa sababu refa alizijua kichwani bila kufungua kitabu. Bila yeye D angemaliza mechi nyuma ya bamba. Kipengele cha kurudisha mchezo pia kilifanya kazi, kilitupa njia ambayo sio ya kumkomoa mtu.

Kilichokwama kwanza ni kuhesabu, na hapo lawama ni yangu. Nilichukulia kuhesabu kama kazi ya kumpa mzazi yeyote aliye karibu, nikampa daftari bila kumfundisha, upande mmoja, peke yake, timu yake inaongoza. Hata malaika angekosea. Na watu walivyomwangalia yule mama baada ya kikao kana kwamba aliiba, iliniuma, maana hakuiba, makosa yake manne yote yalikuwa ya aina moja na yote yanaelezeka.

Pili ni lile neno "tunza kwanza." Nimeongea na yule kocha zaidi ya mara moja, sio mtu mbaya. Alikuwa anaona sheria ya mirusho kama sheria ya kuotea, kitu cha kumnasa nacho mpinzani. Lakini sheria hii haikuwekwa kulinda timu pinzani, imewekwa kulinda mkono wa anayerusha, na anayeona imevunjwa akanyamaza naye amesaidia kuivunja, hata kama jezi ya yule mtoto ni ya rangi nyingine. Kumchosha pitcha kwa kuchagua mipira, ruksa. Kuujua uchovu wake kwa namba na kuuficha, hapana. Mstari uko hapo na mi sioni ugumu wa kuuona.

Tatu, na hili ndo zito kuliko yote, ni kwamba kila mtu alihesabu kipande chake. Ligi ilihesabu yake, klabu haikuhesabu, mama alidhani tunaongea, na D, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na hesabu kamili maana ilikuwa mwilini mwake, alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Watafiti wa pale Birmingham, Alabama, mwaka 2006 walilinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuumia. Waliokuwa wanarusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kwenye kundi la upasuaji. Kurusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5. Kuna mwingine wa 2011, waliwafuatilia watoto 481 kwa miaka 10, na waliorusha zaidi ya iningi 100 ndani ya mwaka mmoja walikuwa na hatari mara 3.5 ya kuumia vibaya. Angalia hizo namba, kubwa kuliko zote ni ya uchovu, kitu ambacho hakuna klika inayokibonyeza. D alipotikisa mkono daftari lilisema bado yuko halali. Kocha wake aliangalia daftari badala ya kumwangalia D, na mi niliyekuwa nimesimama mita chache pale nilifanya hivyohivyo.

Tulichobadilisha

Wahesabuji wawili sasa wanakaa meza moja nyuma ya bamba. Kila nusu iningi ikiisha wanasomeana namba kwa sauti, zisipolingana mchezo hauendelei mpaka zilingane, na refa anaiandika. Wanaweka nukta moja kwa kila mpira unaotoka mkononi mwa pitcha, kwenye karatasi ya peke yake, sio kwenye vibox. Ikifika 75 refa anamwambia kocha.

Kila pitcha ana kadi ya mkono inayokaa kwa mzazi, sio kwa kocha. Mechi yoyote, popote, timu yoyote, tarehe na namba. Kabla ya mtoto kupanda kilimani kocha anaiomba kadi, na mapumziko yanahesabiwa kwa kadi nzima, sio kwa mechi zetu tu. Wazazi wawili walinuna kwamba tunaingilia mambo ya klabu, tukawaeleza, mmoja akaelewa.

Na kuna swali ambalo kocha lazima amuulize mtoto kabla ya mechi, akiwa naye pembeni, wazazi wasisikie: mkono ukoje leo? Akisema unauma anacheza nafasi nyingine na hapotezi namba kwenye timu, hilo tumeliandika kabisa, kwa sababu D alinyamaza kwa kuogopa benchi.

Msimu uliofuata, mechi ya pili, wahesabuji walitofautiana mrusho mmoja kwenye iningi ya nne. Mchezo ukasimama dakika tatu, watu wakapiga kelele kidogo, wakakuta ni faulo ya straiki mbili. D alikuwa kilimani siku hiyo. Alishushwa akiwa na 20, mama yake akaandika kwenye kadi, yeye akaenda kukaa besi ya kwanza na akacheza mpaka mwisho.